Zulia la Kuazima

Kichwa cha Sundus kilikuwa kinaongezeka sentimita moja kila baada ya siku kumi. Maji yalikuwa yanajaa ndani, hayana pa kutokea, na daktari alisema wazi kwamba yasipotolewa yatabana ubongo na macho mpaka viharibike. Upasuaji wa kumwekea mrija wa kuyateremsha maji hayo tumboni ulikuwa shilingi laki moja na elfu themanini. Zubair, baba yake, alikuwa na shilingi elfu sita na mia mbili.

Mtoto alikuwa na miezi mitano. Shingo yake haikuweza kukibeba kichwa, kwa hiyo Zaitun, mama yake, alimbeba kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu aliyeshika sufuria ya maji yanayochemka. Ngozi ya paji la uso ilikuwa imevutika ikang'aa, na mboni za macho zilikuwa zimeanza kuteremka, weupe unaonekana juu yake. Pale soko la Muthurwa, ambako Zubair alitengeneza zipu za mabegi, kila fundi alikuwa na dawa yake ya kumwambia. Aliyemsaidia hasa ni sista wa kliniki. Alipima kichwa, akapima tena, kisha akaandika barua kwa shirika moja la Donholm linalolipia matibabu ya watoto wagonjwa. Shirika lenyewe lilikuwa na jina refu. Watu wa Kayole, mtaani kwao, waliliita Geti la Bluu.

Geti la Bluu hawakuwa na maringo. Waliipokea barua, wakalipia picha ya kichwa, wakampa mtoto namba. Wakasema nafasi ya upasuaji ipo, tarehe ishirini na nne Juni. Limebaki jambo moja tu: afisa wao atakuja nyumbani Jumanne, tarehe kumi, saa nane mchana, kuiona familia.

"Kuiona vipi?" Zaitun aliuliza.

"Kuiona tu. Ni wageni wanakuja."

Zaitun akakizungusha macho chumba chao. Kilikuwa kimoja, ghorofa ya nne, choo nje ukumbini. Kitanda nyuma ya pazia, mkeka, stovu ya mafuta taa, ndoo tatu na stuli moja.

"Si waone tunavyoishi, Baba Sundus? Nadhani ndicho wanachokuja kuona."

"Waone nini? Ndoo? Mtu atoke Donholm, apande ghorofa nne kwa ajili ya mtoto wangu, nimkalishe juu ya ndoo?" Zubair hakuwa amekasirika. Alikuwa anashangaa kwamba jambo hili linahitaji kuelezwa. "Mama yangu, kule Majengo, hata akija mtu wa kodi anazunguka mtaa mzima kuazima vikombe. Vyenye maua. Na kodi yenyewe hana."

"Na mtu wa kodi alifanyaje?"

"Alikunywa chai."

Pengine mambo yangeishia hapo. Lakini Mama Elsie, jirani wa mlango wa pili, alikuwa amesimama ukumbini na beseni la nguo, na hakuna neno la chumba kile lililompita.

"Msicheze na hao watu," alisema akiingia bila kubisha. "Kuna mama hapo mtaa wa Soweto walimkuta na mtoto kwenye godoro la kunguni. Si walimchukua mtoto? Walimpeleka hom ya watoto. Walisema hapo si pahali pa mtoto wa kupasuliwa, atapata uchafu kwa kidonda."

"Mama gani huyo?" Zaitun aliuliza.

"Sijui jina. Lakini alilia sana."

Hakuna aliyejua jina la mwanamke huyo. Hata hivyo, kufikia jioni ngazi nzima ilikuwa inamjua, na mama wa ghorofa ya pili alijua hata rangi ya leso aliyokuwa amevaa siku mtoto wake alipochukuliwa. Zaitun hakusema tena waone tunavyoishi. Alichukua brashi akaanza kusugua sakafu.

*

Vitu vilianza kufika Jumanne asubuhi.

Mama Elsie alitoa makochi mawili na mtungi wa gesi pamoja na jiko lake. Mumin, kijana wa ghorofa ya tatu aliyeendesha bodaboda, alipandisha televisheni yake begani, inchi thelathini na mbili.

"Niaje, Zubu. Hii ni mali ya thamani kuliko mimi. Leo kuna mechi saa kumi, so huyo madam akikaa sana mimi naingia naangalia na yeye."

"Ataondoka saa tisa."

"Mwambie mechi haingoji."

Zulia lilitoka kwa Halimo. Alikuwa na duka la vitambaa chini ya jengo, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, na zulia lile jekundu lilikuwa la sebuleni kwake mwenyewe. Alisimama mlangoni akilitazama linavyotandazwa.

"Sasa mtoto akose hospitali kwa sababu ya sakafu? Chukua, walalo, ndugu yangu. Lakini chai ikimwagika hapo, mimi na wewe tunaonana kwa kadhi."

"Haitamwagika, Mama Halimo."

"Na huyo mgeni asivue viatu. Ukimwambia mgeni avue atadhani unamchukia. Mimi nitasafisha."

Zaitun alipika pilau. Nyama kilo moja na nusu, mchele wa pishori, kachumbari, juisi ya maembe. Ilitoka katika zile elfu sita na mia mbili, shilingi elfu mbili na mia moja. Zubair hakuiona kuwa hasara. Siku ile, katika kufagia na kubeba na kuning'iniza pazia jipya, alijisikia mtu kwa mara ya kwanza tangu kichwa cha mwanawe kianze kukua. Jengo zima lilikuwa limemshika mkono. Angewezaje kudhani kwamba linamsukuma shimoni?

*

Afisa aliitwa Nabwire. Alifika saa nane na dakika tano, ana raba miguuni na begi mgongoni, anahema kwa sababu ya ngazi. Alitazama zulia, akatazama raba zake.

"Usivue, madam, karibu, karibu," alisema Zubair. Alikuwa amevaa kanzu.

Nabwire alikaa kwenye kochi la Mama Elsie, akatoa simu kubwa yenye fomu. Zaitun akaleta sinia.

"Asante sana, mama, lakini haturuhusiwi kula kwa familia. Ni kanuni."

"Kidogo tu."

"Hata kidogo. Mniwie radhi. Nitakunywa maji."

Alikunywa maji. Pilau ikabaki pale katikati yao, inatoa mvuke. Zaitun hakujua airudishe au aiache, akaishia kuifunika kwa kawa na kukaa kando yake kama mtu anayelinda mzigo.

Kwanza Nabwire alimtazama mtoto. Alimshika vizuri, kwa kujua, akawasha mwanga wa simu yake nyingine na kuupitisha polepole. Macho ya Sundus yakaufuata, kulia, kushoto, kulia tena.

"Anaona vizuri," alisema Nabwire, akaandika. "Hilo ni jambo zuri. Tumewahi mapema." Kisha akamgeukia Zubair. "Sasa baba, maswali ni machache. Kazi unayo?"

"Ninayo, alhamdulillahi."

"Inatosha?"

"Tunashukuru. Mungu hamtupi mja wake."

"Kwa siku unapata kama ngapi?"

"Inategemea. Ipo siku elfu moja na nusu." Siku hiyo ilikuwepo kweli. Ilikuwa mwezi wa Desemba, shule zikikaribia kufunguliwa na kila mzazi ana begi bovu. Siku nyingine ilikuwa mia tano, nyingine mia mbili. Lakini mtu humwonyesha mgeni chumba cha mbele, hamfungulii stoo.

"Mnakula mara ngapi kwa siku?"

"Hatulali njaa, madam."

"Asubuhi, mchana, jioni?"

"Alhamdulillahi."

Nabwire akaandika. Akaitazama televisheni, akalitazama jiko la gesi, kisha akauliza swali ambalo Zubair angekuja kulisikia katika kichwa chake kila siku akiwa ameshika sindano ya zipu.

"Na vitu hivi vya nyumba, ni vyenu?"

Mlango ulikuwa wazi kidogo, na nje yake vilionekana vidole vya miguu ya Mama Elsie kwenye kandambili. Zaitun alimtazama mumewe. Yeye angesema. Neno lilikuwa mdomoni, lakini mbele ya mgeni anayejibu ni mwenye nyumba, na mwenye nyumba alikuwa amekaa pale na kanzu yake.

"Tunasogeza siku, madam," alisema Zubair. "Nyumba ni watu."

Nabwire akatabasamu kwa adabu. Akaomba kupiga picha nne: mtoto, sebule, jiko na mlango. Alipokuwa akiondoka Zubair alimsindikiza mpaka chini, akamshukuru mara tatu. Hakuwa amesema hata neno moja la uongo, na hilo lilimpa raha alipokuwa akipanda ngazi kurudi.

*

Ujumbe ulikuja Ijumaa. Familia imeonekana kuwa na uwezo wa kuchangia. Shirika litalipia asilimia arobaini. Familia ilete shilingi laki moja na elfu nane kabla ya tarehe ishirini, la sivyo nafasi itapewa mtoto mwingine.

Zubair aliusoma, akampa Zaitun. Zaitun akausoma, akamrudishia simu.

"Nenda uwaambie," alisema.

Pale Geti la Bluu alikaa kwenye benchi kwa muda wa saa tatu, katikati ya wanawake wenye watoto wa miguu iliyopinda na mioyo yenye matundu. Mwenye mafaili alikuwa mzee mmoja mtaratibu aitwaye Ndete, na miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo zulia si lako."

"Si langu, mzee."

"Televisheni?"

"Ya kijana wa chini yangu."

"Makochi?"

"Ya jirani."

Ndete akalifungua faili. "Hapa imeandikwa elfu moja na mia tano kwa siku. Milo mitatu. Ulisema uongo siku ile, ama unasema uongo leo?"

"Sikusema uongo. Niliulizwa kama tunakula, nikashukuru Mungu."

"Fomu haina mahali pa kushukuru, Baba Sundus." Alivua miwani akaifuta, na aliposema tena sauti yake haikuwa ya ukali. "Miaka tisa niko kwa hii meza. Nimeona watu wakificha makochi kwa jirani. Kuna mmoja alimficha ng'ombe. Mtu wa kwenda kuazima hajawahi kuja. Wewe ndiye wa kwanza."

"Nilidhani mtaona nyumba chafu mnichukulie mtoto."

"Nani alikwambia tunachukua watoto?"

Zubair hakuwa na jina la kumpa.

Ndete alimweleza utaratibu. Ataandika rufaa. Kamati hukaa Ijumaa ya mwisho ya mwezi. Ikikubali, afisa atarudi nyumbani, safari hii bila kutoa habari. Halafu mtoto atasubiri nafasi nyingine.

"Na tarehe ishirini na nne?"

"Kuna watoto zaidi ya mia mbili kwa foleni. Ishirini na nne itaenda na mtoto mwingine."

"Mzee, kichwa kinakua."

"Najua kinakua," alisema Ndete. Akamsogezea karatasi na kalamu.

*

Walijaribu kuchangisha. Msikitini zilipatikana elfu saba, Muthurwa mafundi wakatoa elfu nne na kidogo, Mumin akatoa mia tano, huku akijilaumu kwa kuipandisha ile televisheni. Pesa hizo ziliingia katika dawa za kuzuia kutapika na nauli za kliniki. Juni ikaisha. Kamati ikakaa, ikakubali nyumba ikaguliwe tena. Haikusema lini.

Siku moja asubuhi Zubair alikuwa anafunga mkanda aende kazini, Zaitun akamwambia bila kuinua uso, "Hanifuati tena."

"Nani?"

"Mtoto. Zamani nikipita alikuwa ananifuata kwa macho. Sasa mpaka nimguse. Hata ziwa halioni, analipata likimgusa mdomo."

"Tangu lini?"

"Wiki ya pili hii."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungefanya nini?"

Zubair akamaliza kufunga mkanda. Alipita Geti la Bluu kabla ya kazi, akamweleza Ndete. Ndete akaandika kwenye faili kwa wino mwekundu. Afisa akafika siku iliyofuata, Ijumaa tarehe kumi na moja Julai.

Nabwire hakuhema safari hii. Alipanda polepole, kama mtu asiyetaka kufika. Aliingia akakuta mkeka, stovu, ndoo tatu na stuli. Alisimama katikati ya chumba akafungua picha zake za mwezi uliopita, akawa anatazama simu, anatazama sakafu.

"Vitu viko wapi?"

"Kwa wenyewe," alisema Zubair.

"Baba Sundus, nitakuuliza kama ndugu. Mmevihamisha?"

"Tumevirudisha."

"Unaelewa vile hii inaonekana? Siku ile kila kitu kilikuwepo. Umeambiwa una uwezo, leo hakuna kitu. Mimi nikaandike nini?"

Kabla Zubair hajajibu, Zaitun aliinuka na mtoto wake. "Mpeleke madam," alimwambia mumewe. "Mlango kwa mlango."

Basi akampeleka. Kwa Mama Elsie Zubair alisimama nje, kichwa chini, wakati afisa akilinganisha makochi na picha.

"Ni yangu," alisema Mama Elsie. "Na gesi yangu, na jiko langu. Hata ile sufuria ya pilau uliyokataa kula ni yangu. Andika. Huyu hana kitu."

Mumin alifungua mlango akiwa kifua wazi, akaionyesha televisheni yake, ufa wake mdogo kwenye kona ukiwa vilevile kama kwenye picha. "Huyu mzee hana hata redio, madam. Mimi ndiye humwambia habari. Na mara nyingi namdanganya."

Dukani Halimo aliwapeleka nyuma hadi sebuleni kwake. Zulia lilikuwa pale.

"Ulilikanyaga na viatu, dada, nikaosha," alisema. "Huyu ni maskini. Muulize yeyote. Jana nilimpa unga, leo atakuja kuchukua chumvi. Hana hata kijiko cha kumlisha mgonjwa. Hana, hana, hana. Unataka nikuandikie?"

Walisema hivyo kwa kumpenda. Kila mmoja alitaka kumvua zaidi ya mwenzake ili mtoto apone, na Zubair aliwasikiliza wote mpaka mwisho akasema asante kwa kila mlango. Masikio yake yalikuwa yanawaka.

Walipofika tena kwenye ngazi Nabwire aliketi.

"Nilikuuliza," alisema. "Niliuliza kabisa, vitu hivi ni vyenu? Ungeniambia tu."

"Ulikuwa mgeni."

"Mimi sikuja kama mgeni. Nilikuja kazini."

"Sasa najua," alisema Zubair.

*

Geti la Bluu walilipa zote. Upasuaji ulifanyika Jumanne tarehe ishirini na tisa Julai, ukachukua saa moja na nusu, na mrija ukafanya kazi siku ileile. Baada ya wiki moja utosi ulikuwa umelegea, mtoto ananyonya, hatapiki. Zaitun alianza tena kula.

Daktari wa macho alikuja wodini siku ya kutoka. Alimulika tochi jicho la kulia, akangoja. Akamulika la kushoto. Akafunika na kufunua, akamulika tena kutoka pembeni. Mtoto alikuwa macho, ametulia, anatazama juu palepale alipokuwa akitazama kabla tochi haijawashwa.

"Mishipa ya macho imekufa," alisema. "Ilibanwa muda mrefu. Mrija umeokoa ubongo, na hilo mshukuru. Kuona hataona."

"Miwani?" Zaitun aliuliza.

"Hapana, mama."

"Akikua?"

"Hapana."

Zubair aliuliza swali moja. Aliuliza kama angepasuliwa tarehe ishirini na nne Juni ingekuwaje. Daktari aliangalia kwanza faili, kilipoandikwa kipimo cha kichwa na neno la afisa kwamba mtoto anaona vizuri. Hakutaka kujibu. Zubair alisimama pale mpaka akajibu.

"Angekuwa anaona," alisema daktari. "Si lazima vizuri sana. Lakini angekuwa anaona."

Wakapewa karatasi ya kutoka. Upasuaji, kitanda na dawa, shilingi laki moja na elfu themanini, zimelipwa na shirika. Familia inadaiwa sifuri. Hesabu nyingine hakuna aliyewaandikia, Zubair aliifanya mwenyewe kwenye benchi la wodi akingoja Zaitun amfunge mtoto shali. Pilau, elfu mbili na mia moja. Kichwa, kutoka sentimita arobaini na saba hadi hamsini na mbili. Siku, kutoka ishirini na nne Juni hadi ishirini na tisa Julai, thelathini na tano. Macho, mawili.